Kwa Nini Chokaa Hutangulia Sayanidi

Watahiniwa wengi hudhani kila chumvi ikiyeyushwa hutoa myeyusho usio wa asidi wala wa besi. Sivyo. Chukua sayanidi ya sodiamu, NaCN, inayotumika kuchenjua dhahabu Geita na Kahama. Imetokana na besi kali (NaOH) na asidi dhaifu (HCN), hivyo myeyusho wake hugeuza litmasi nyekundu kuwa ya bluu:

CN⁻ + H₂O ⇌ HCN + OH⁻

Itazame hiyo HCN. Ni sumu inayoua, na huchemka kwenye nyuzijoto 26 za Selsiasi tu, kwa hiyo hutoka kwenye myeyusho ikiwa gesi. pH ikishuka chini ya 9.2 hivi, zaidi ya nusu ya sayanidi huwa HCN. Ndiyo maana chokaa, Ca(OH)₂, hutangulia mpaka pH ifike 10 hadi 11; OH⁻ zake husukuma mmenyuko urudi kushoto. Na asidi si lazima imwagwe na mtu: mawe yenye pairaiti huitengeneza yenyewe yakikutana na hewa na maji. Asidi ikiingia:

NaCN + HCl → NaCl + HCN

Asidi kali imeifukuza dhaifu kutoka kwenye chumvi yake, kama HCl inavyotoa CO₂ kwenye magadi. Ukiulizwa kazi ya chokaa hapa, usiishie kuandika "kupunguza asidi". Itaje gesi.