Alama 116 si Kati ya Mia: Mtihani wa Shule za Grama na Kazi ya Mzazi

Mwezi wa Oktoba, miaka michache iliyopita, nilipata habari kutoka kwa dada yangu, ambaye ni muuguzi katika jimbo la Buckinghamshire, Uingereza. Mwanawe wa kiume alikuwa amefanya mtihani wa kuingia shule ya grama, na majibu yalikuwa yametoka. Dada aliniandikia hivi: “Kaka, mpwa wako ametutoa kimasomaso. Amepata 116, hata mia ameipita!”

Nyumbani kwetu mama alipiga vigelegele, na mzee akaanza kumtazama mbuzi wa kuchinjwa. Siku ya tatu ikaja habari nyingine. Alama iliyotakiwa katika jimbo hilo ni 121, na kijana hakuifikia. Lakini kilichoniuma zaidi ni swali alilonipigia simu kuniuliza kijana mwenyewe: “Mjomba, kwa hiyo mimi ni mjinga?”

Kwa kuwa wasomaji wengi wana ndugu na watoto walioko Uingereza, na kwa kuwa kuuliza si ujinga, yafaa nieleze niliyojifunza juu ya mtihani huo.

Shule Hizi Ni Zipi?

Shule za grama ni shule za sekondari za Serikali zinazochagua wanafunzi wao kwa mtihani, wanapokuwa na umri wa miaka 10 au 11. Hazitozi karo. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1944 zilienea karibu kila mahali nchini Uingereza. Mwaka 1965 Serikali iliziomba halmashauri ziache kuwagawanya watoto namna hiyo, na shule nyingi zikageuzwa kuwa za watoto wote. Mwaka 1998 sheria ilikataza kufunguliwa kwa shule mpya za grama. Zilizobaki ni 163, nazo ziko katika sehemu chache tu kama vile Kent, Lincolnshire na Buckinghamshire. Watoto wengi wa Uingereza hawaufanyi mtihani huu kabisa, nao husoma na kuendelea vizuri.

Maana ya Alama

Sisi tuliofanya mtihani wa KCPE, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, tumezoea kuuliza, “Amepata ngapi kati ya ngapi?” Kwa mtihani wa grama swali hilo litampoteza mzazi. Alama anayoletewa si hesabu ya maswali aliyoyajibu mtoto sawasawa. Kwanza maswali hayo huhesabiwa, kisha hesabu hiyo husawazishwa kwa kumlinganisha mtoto na wenzake waliofanya mtihani huo. Katika mitihani mingi ya namna hii, 100 huwekwa kuwa alama ya mtoto wa katikati. Huko Kent, kwa mfano, alama ya chini kabisa katika kila sehemu ya mtihani ni 69, na ya juu kabisa ni 141. Kwa hiyo kuipita mia si ajabu.

Umri nao huangaliwa. Huko Uingereza mtoto aliyezaliwa mwezi wa Septemba hukaa darasa moja na yule aliyezaliwa Agosti ya mwaka unaofuata, ingawa wamepishana karibu mwaka mzima. Ndiyo sababu watoto wawili waweza kujibu maswali sawa kwa idadi, na yule mdogo akapewa alama iliyozidi kidogo.

Tena kila sehemu ina kipimo chake. Buckinghamshire hutaka 121. Kent hutaka jumla fulani ya sehemu zote tatu, na pia kwamba hata sehemu moja isiwe chini ya kiasi kilichowekwa. Mzazi asichukue alama ya jirani wa jimbo jingine akaifanya mizani ya kumpimia mtoto wake.

Kufaulu Si Kupata Nafasi

Hapa ndipo wazazi wengi hukosea. Mtoto aliyefikia alama amepewa ruhusa ya kufikiriwa tu. Waliofikia wakizidi nafasi zilizopo, shule hufuata kanuni zake zilizotangazwa. Kwa kawaida watoto wanaolelewa na halmashauri hutangulizwa. Kisha shule nyingine hutazama umbali wa nyumba au ndugu aliyekwisha kuingia, na nyingine huwapanga watoto kwa alama, wa juu kwanza. Mzazi asome kanuni za kila shule kabla ya kuitaja.

Majibu hutoka kwa kawaida katikati ya Oktoba, na siku ya mwisho ya kupeleka fomu ya maombi ni tarehe 31 Oktoba. Muda ni mfupi, wala si wa karamu wala wa kilio. Fomu hiyo huwa na nafasi ya shule tatu au zaidi, kufuata halmashauri. Mzazi azipange kama anavyozitaka kwa kweli, kwa maana shule haziambiwi zimewekwa ya ngapi, na mtoto hupewa ile ya juu kabisa katika orodha yake iwezayo kumpokea. Lakini aandike walau shule moja isiyo ya mtihani, iliyo karibu, ambayo ana matumaini ya kuipata. Anayejaza shule za grama peke yake akazikosa zote, atapangiwa shule yoyote iliyobaki na nafasi, hata kama ni ya mbali.

Ikiwa Mtoto Hakufika

Jambo la kwanza ni kwenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi na kumwuliza bila hasira: Je, alama hii yalingana na kazi ya mtoto ya kila siku? Ikiwa mtoto alikuwa mgonjwa, au amefiwa, au kazi yake ya darasani yashuhudia zaidi ya mtihani, basi iko njia. Huko Buckinghamshire mzazi aweza kuomba matokeo yaangaliwe upya, akiungwa mkono kwa ushahidi wa shule.

Njia nyingine ni rufani, baada ya nafasi kutangazwa tarehe 1 Machi au siku ya kazi inayofuata. Mzazi hupewa siku zisizopungua 20 za shule za kuiandika. Wanaoisikiliza ni watu watatu au zaidi wasio wa shule ile, na wakikata shauri shule hulazimika kulifuata. Watu hawa hawaguswi na machozi. Hutaka karatasi: taarifa za maendeleo, barua ya mwalimu mkuu, cheti cha daktari. Aliyefikia alama lakini akakosa nafasi aweza pia kukata rufani, na tena kubaki katika orodha ya kungojea, ambayo ni lazima iendelee walau hadi tarehe 31 Desemba.

Na mlango haufungwi milele. Shule nyingi za grama hupokea wanafunzi wapya wa miaka 16 kwa madarasa ya juu, wakiwa na matokeo mema ya mtihani wao wa sekondari.

La Kumwambia Mtoto

Dada yangu alikwenda kwa mwalimu mkuu. Aliambiwa wazi kwamba kijana ni hodari wa hesabu, ila kusoma kwake ni kwa wastani, na kwamba alama ile haikumdhulumu. Usiku ule dada alilia. Asubuhi alikwenda kuitazama shule ya watoto wote iliyo karibu nao, ambayo hapo kwanza hakutaka hata kuisikia, akazungumza na walimu wake, akaiandika ya kwanza katika fomu. Hakuomba rufani. Kijana sasa yuko huko, na kila wiki mama yake humpeleka maktaba kuazima vitabu, jambo ambalo wasingalilianza kama asingaliambiwa ukweli ule.

Nami ilinibidi nimjibu swali lake. Nilikumbuka siku majibu ya KCPE yalipotoka kijijini kwetu, jinsi mwenzangu mmoja alivyojificha shambani hadi usiku kwa kuogopa fimbo ya baba yake. Nikamwambia: “Mjomba, wewe si mjinga. Waliuliza kama unawapita wenzako kwa kiasi fulani siku ile, ukakosa alama tano. Hawakuuliza utakuwa mtu gani.”

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama yule mbuzi angali hai. Nikamwambia yu hai, na kwamba anamngoja yeye siku atakapokuja.