Zamu ya Kusimama Njia Panda

Katika klabu ya baiskeli kuna kazi isiyopigwa picha. Ni ya yule anayebaki njia panda akiwa amevaa kizibao cha kung'aa, akiwaonyesha wenzake pa kukata kona na kuyapungia magari yapunguze mwendo. Wenzake humpita wakiwa wameinamisha vichwa, na vumbi likitulia wengi hawakumbuki alikuwa nani. Hata hivyo, yeye ndiye anayeamua kama msafara utarudi nyumbani ukiwa na idadi ile ile iliyotoka.

Huku Wajir Kaskazini kazi hiyo ina uzito wa pekee. Ukitoka Bute kuelekea Gurar, Buna au Danaba unapita kwenye udongo na changarawe. Lori moja likipita, aliye nyuma yake haoni mbele, wala dereva anayemjia hamwoni. Gari la miraa lina haraka ya soko na halingoji mtu. Ngamia huvuka wanapotaka. Mvua ikinyesha mbali, laga mliyoivuka kavu asubuhi huenda ikawa na maji mkirudi. Kijana yeyote wa Bute anayetaka kuanzisha matembezi ya baiskeli na wenzake lazima ajiulize mapema: nani atasimama wapi, kwa muda gani, na nani atampokea?

Vilabu vingi hulijibu swali hili vibaya. Katibu hutoa tangazo: tunaomba watu wa kujitolea. Mkutano unanyamaza, kisha mikono inainuka, na ni mikono ya watu wale wale wanne walioinua mara iliyopita. Baada ya msimu mmoja wawili kati yao wamechoka na kuacha klabu, na klabu inalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana moyo. Mimi nakataa lawama hiyo. Kosa liko kwenye namna ya kuomba, na kosa hilo limepimwa zamani.

Mhandisi wa kilimo wa Kifaransa, Maximilien Ringelmann, aliwapima watu nguvu zao wakivuta kamba, kwanza mmoja mmoja na kisha kwa makundi. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913 yanaonyesha kwamba watu wanane wakivuta pamoja, kila mmoja alitoa takriban nusu tu ya nguvu aliyoitoa akiwa peke yake. Upungufu huo ulitokana kwa kiasi fulani na kutovuta kwa wakati mmoja. Lakini wataalamu wa saikolojia waliorudia jaribio hilo miaka ya 1970 waligundua kwamba hata mtu anapodhani tu kuwa wengine wanavuta nyuma yake, analegea. Jasho lake likichanganyika na la wengine pasipo mtu wa kulitenganisha, huwaachia wengine kazi. Tangazo la "tunaomba watu" ni kamba ya namna hiyo. Linamwita kila mmoja, kwa hiyo halimwiti yeyote.

Sasa geukeni mtazame visima. Upande wa pili wa mpaka, katika nchi ya Waborana kusini mwa Ethiopia, kuna visima virefu viitwavyo tula. Mtu anayesafiri kutoka Moyale kwenda Yabelo hupita Dubluk, ambako baadhi ya visima hivyo vipo. Wengi wa Bute wanakulia katika lugha ya watu wale, na habari za visima hivyo si ngeni kwao. Wateka maji husimama mmoja juu ya mwenzake, kuanzia kwenye maji hadi kwenye hori la kunyweshea, wakipokezana vyombo kwa wimbo. Chombo kilichojaa kinapanda, kitupu kinashuka. Aliye chini hawezi kutegea, kwa sababu aliye juu yake ameshanyoosha mikono. Aliye katikati akisita, wimbo unavunjika na kila mtu anajua umevunjikia wapi. Watu wanane wa Ringelmann waliweza kujificha kwenye kamba moja, lakini kwenye kisima cha tula hakuna pa kujificha.

Mpangilio huo una msimamizi. Abba herega ndiye anayepanga ni mifugo ya nani inakunywa leo, ya nani kesho, na nani anatangulia nani. Ng'ombe hunyweshwa kila siku ya tatu, kwa hiyo mpango wake lazima ukae sawa siku baada ya siku, kiangazi kizima. Kila boma lenye mifugo kisimani hutoa watu wa kuteka na watu wa kutengeneza hori na njia ya kushukia. Asiyetoa anaitwa mbele ya baraza la kisima, na akishupaa, nafasi yake ya kunywesha iko hatarini. Kwa hiyo haki ya kunywesha na wajibu wa kuteka hukaa katika orodha moja, mkononi mwa mtu mmoja anayeheshimiwa. Hapo haombwi mtu kujitolea. Ukiwa na ng'ombe una zamu.

Klabu ya baiskeli inaweza kujipanga hivyo hivyo: ukiendesha, una zamu. Jina lako linapoingia kwenye orodha ya matembezi, linaingia siku hiyo hiyo kwenye orodha ya kusimama. Vilabu vingi vya Uingereza vinavyoandaa mashindano ya kukimbizana na saa vina desturi ya kumtaka kila mwanachama asaidie siku moja au zaidi kwa msimu. Hata mwenye mbio kuliko wote hasamehewi. Naona ni sawa kabisa asisamehewe, kwa sababu mwenye mbio ndiye anayefaidika zaidi na kona iliyolindwa.

Kwa matembezi ya kawaida, yasiyo ya ushindani, upo utaratibu unaoigawa kazi hii barabarani kwenyewe, nami ndio ninaoupendekeza kwa klabu inayoanza. Kiongozi anatangulia. Nyuma kabisa kuna mfunga msafara, aliyevaa rangi ambayo hakuna mwingine aliyeivaa, na wote wameonyeshwa sura yake kabla ya kuondoka. Mkifika njia panda, aliye wa pili nyuma ya kiongozi anasimama mahali salama panapoonekana na kuwaelekeza wote wanaokuja. Kiongozi anaendelea, na aliyekuwa wa tatu sasa ni wa pili. Aliyesimama haondoki hadi amwone mfunga msafara kwa macho yake, kisha anajiunga na msafara mbele ya huyo mfunga msafara. Njia panda inayofuata inamchukua mwingine. Mkipita njia panda kumi, watu kumi wamelinda njia, na mkutanoni hakuna aliyebembelezwa.

Utaratibu huu huvunjika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mlinzi kuondoka mapema kwa kudhani wote wamepita, kumbe mmoja yuko nyuma anaziba pancha. Ndiyo maana sharti ni kumwona mfunga msafara, si kuhesabu watu wala kukadiria. Ya pili ni wenye nguvu kubaki mbele muda wote, hivyo wao peke yao ndio wanaosimama. Dawa ni kiongozi kupunguza mwendo baada ya kila njia panda, watu wajipange upya. Wasiofika mbele kabisa, kwa umri au kwa baiskeli nzito, wapewe zamu ya namna nyingine ndani ya orodha ile ile: kubeba maji ya akiba, kubeba kisanduku cha huduma ya kwanza, au kumsindikiza mfunga msafara.

Misafara iitwayo Critical Mass, iliyoanza San Francisco Septemba 1992 na ambayo Nairobi hufanyika Jumamosi ya mwisho ya mwezi, ina njia inayokaribia hiyo. Waendeshaji wenyewe huchomoka, husimama mbele ya magari yanayotaka kuingia kutoka barabara ya pembeni, msafara hupita, kisha nao hurudi ndani. Mjini, ambako magari yanatambaa, njia hiyo huokoa watu. Nawasihi vijana wetu wasiihamishie kwenye barabara ya changarawe. Lori lenye mzigo halisimami kwa urefu wa baiskeli moja. Huku mlinzi asimame pembeni, mbele ya kona wala si kwenye kona, ili dereva amwone angali na nafasi ya kukanyaga breki.

Tena ajue mipaka yake. Mlinda njia wa klabu si polisi. Anatahadharisha na kuelekeza, lakini hana mamlaka ya kumsimamisha dereva. Uingereza, sheria ya polisi ya mwaka 2002 ilifungua njia kwa raia waliofunzwa kuidhinishwa na polisi na kupewa mamlaka fulani, na mashindano ya baiskeli huko yananufaika nayo. Sisi wa kaunti ya mpakani tunaanzia kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, na kwa chifu: wajue njia, wajue saa, na wajue majina ya waliosimama. Mtu mwenye kizibao aliyesimama peke yake kwenye njia panda ya porini bila taarifa kufika popote anajitia hatarini, na anawatia wasiwasi wapitao.

Mashindano yanahitaji vituo vya kudumu, na hapa ugawaji una ugumu wake. Saa moja ya kusimama alfajiri si sawa na saa moja ya kusimama saa nne asubuhi juani. Kituo chenye mgunga wa kivuli si sawa na kituo cha uwandani. Karani akihesabu siku tu, ataandika "mara mbili" kwa aliyeteseka na "mara mbili" kwa aliyekaa kivulini, na hapo ndipo manung'uniko yanapozaliwa. Nashauri vituo vizito vihesabiwe maradufu, na uzito wake uamuliwe na waliowahi kusimama pale. Mwezi wa Ramadhani msimwache mtu juani: tembeeni mara baada ya alfajiri, au ahirisheni. Na kila kituo kiwe na jina la mtu. "Vijana wa mtaa ule watasimama" ni kamba ya Ringelmann imerudi.

Wale wa kusimama watoke wapi? Kwa hili Wajir ina somo lake yenyewe, tena la kazi ya kujitolea. Vita vya koo vilipoukumba mji wa Wajir na vijiji vyake kuanzia 1992, soko liligawanyika na wanawake wakawa hawawezi kuuziana. Mwaka 1993 kundi dogo la wanawake wa koo mbalimbali, Dekha Ibrahim Abdi akiwa miongoni mwao, lilianza kuwakutanisha wenzao. Kati ya waliyoyafanya ni kuweka kamati ya kulitazama soko, ili mwanamke wa ukoo wowote aweze kununua na kuuza, na tatizo likitokea litolewe taarifa upesi. Juhudi hizo ziliendelea hadi wazee wakakubaliana katika tamko la amani la Al Fatah mwaka huo huo, chini ya uenyekiti wa mzee kutoka ukoo mdogo usiokuwa kwenye ugomvi. Mwaka 2007 Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood. Alifariki Julai 2011 baada ya ajali ya barabarani.

Soko lile lililindwa na macho ya koo zote kwa pamoja, na ndiyo maana taarifa zake ziliaminika. Walinda njia wa klabu nao wawekwe wawili wawili, wasiotoka nyumba moja wala mtaa mmoja. Ajali ikitokea, au mbuzi wa mtu akigongwa, au mshindani akidai alipotezwa njia, mashahidi wawili wa pande mbili humaliza mjadala ambao shahidi mmoja angeuwasha. Na mwenye kushika orodha awe kama mzee yule wa Al Fatah, mtu asiye na kundi kubwa nyuma yake la kupendelea. Msimpe mwenye mbio nyingi, wala mwenye baiskeli ya bei kubwa.

Elinor Ostrom, Mmarekani aliyekuwa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia maisha yake kuchunguza jamii zinazotunza mali ya pamoja bila kuisubiri serikali. Moja ya sehemu alizoziandikia katika kitabu chake cha 1990 ni Valencia, Hispania, ambako wakulima wanamwagilia kwa mifereji ya pamoja na mahakama yao ya maji hukutana kila Alhamisi kwenye mlango wa kanisa kuu. Alichokiona kwenye mifereji ya zamu kinatuhusu. Mkulima anayengojea maji yuko pale mapema kumtazama anayemaliza asipitishe saa yake, na anayemaliza anamtazama anayengojea asianze kabla ya wakati. Kwa hilo hahitajiki askari wa kulipwa. Kwa klabu maana yake ni hii: msiwe na zamu inayoisha hewani. Anayeondoka kituoni amkabidhi anayeingia kile kizibao na filimbi mkononi, na asiondoke bila kukabidhi. Vizibao vikiwa vichache kuliko walinzi, ni afadhali, maana anayeingia hana kizibao hadi akabidhiwe.

Adhabu ianze ndogo, kama Ostrom alivyoona katika jamii zilizodumu. Aliyekosa zamu mara ya kwanza aulizwe tu, kwani huenda alikuwa na mgonjwa au ngamia amepotea. Mara ya pili asimame mara mbili. Mara ya tatu matembezi yanayofuata yaende bila yeye. Msianze na faini ya fedha. Penye faini mwenye uwezo hulipa na kuendelea kupanda baiskeli, na kazi ya kusimama huwaangukia wasio na cha kulipa.

Yote haya yaandikwe kwenye daftari moja la karatasi, maana mtandao huku haupatikani kila mahali na simu hufa chaji. Safu ya jina, ya kituo, ya uzito wa kituo, na ya sahihi ya aliyempokea. Kila baada ya miezi mitatu daftari libadilishe mkono mkutanoni. Kabla ya kulipokea, karani mpya alisome kwa sauti, akianza na majina ambayo bado hayajasimama.