Kufunga kwa Saa na Kupanda Mlima: Je, Vinausaidia Moyo?



Katika parokia zetu za Moshi, mazungumzo ya baada ya Misa yamepata mada mpya. Huyu ameacha chai ya asubuhi, yule hali kitu baada ya saa 12 jioni. Wengine wameongeza mazoezi ya vipindi, yaani kujituma kwa nguvu dakika chache, kupoa, kisha kurudia. Lengo ni kupunguza uzito na kulinda moyo. Tunaona inafaa kulieleza jambo hili, kwa kuwa wapo wanaolichanganya na mfungo wa Kanisa, na wapo wanaoacha dawa ili wafunge.

Mifungo miwili, malengo mawili

Mfungo wa Kanisa ni toba. Sheria ya Kanisa (Kanuni 1251 na 1252) inatudai tufunge Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kuanzia miaka 18 hadi mtu anapoanza mwaka wake wa 60. Tunajinyima ili tumrudie Mungu, na tulichojinyima kimfikie maskini. Kufunga kwa saa ni utaratibu wa afya. Si vibaya, maana mwili nao ni zawadi ya Mungu. Lakini anayepanda mizani kila jioni ya Kwaresima ajiulize anafunga kwa ajili ya nani.

Mwilini kunatokea nini?

Tukila, sukari hupanda katika damu, na homoni ya insulini huiingiza kwenye misuli na ini. Saa nyingi zikipita bila chakula, insulini hushuka, akiba ya sukari iliyo kwenye ini hupungua, na mwili huanza kutumia mafuta zaidi. Mazoezi ya vipindi hufanya kazi kwa njia nyingine: misuli huvuta sukari kutoka kwenye damu, na moyo huzoea kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Ndiyo maana watafiti walitaka kujua vikiunganishwa itakuwaje.

Utafiti unasema nini?

Mwaka 2022, huko Guangzhou, China, watu 139 wenye uzito uliozidi sana walipunguza chakula kwa mwaka mzima. Nusu yao walikula kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni tu. Makundi yote mawili yalipungua uzito, na tofauti kati yao haikuwa ya maana. Kwa hiyo saa peke yake haina muujiza. Anayefunga mchana kutwa na kufidia usiku kwa sahani mbili za pilau na soda asitegemee kupungua.

Mwaka huohuo, huko Trondheim, Norway, wanawake 131 wenye uzito uliozidi walifuatiliwa kwa wiki 7. Waliounganisha kula ndani ya saa 10 na mazoezi ya vipindi mara 3 kwa wiki walipunguza mafuta ya mwili, na kipimo chao cha sukari ya muda mrefu kikawa bora kuliko cha wale ambao hawakubadili kitu.

Kuhusu chakula chenyewe, ushahidi uko nyumbani. Mwaka 2025 watafiti wa KCMC na wenzao wa Radboud, Uholanzi, walitoa matokeo ya utafiti wa vijana 77 wa kiume wa Kilimanjaro. Waliotoka kwenye chakula cha asili kwenda cha kisasa waliongezeka dalili za uvimbe wa ndani, ule unaohusishwa na magonjwa ya moyo. Waliofanya kinyume chake walipata nafuu. Yote hayo yalitokea ndani ya wiki 2 tu.

Tuanzeje?

Anayemaliza kula saa 1 jioni na kunywa chai saa 1 asubuhi tayari amefunga saa 12. Tuanzie hapo, bila vitafunio vya usiku, maji yanaruhusiwa. Mseminari hana haja ya kukimbia meza ya jumuiya, maana kula pamoja ni sehemu ya malezi. Aache tu kuongeza sahani na soda. Wakati wa kula, tuchague mtori, kiburu, maharage na mboga za majani kabla ya chipsi.

Kwa mazoezi, watafiti wa Matsumoto, Japani, waliwapa watu wa makamo na wazee mwendo rahisi: dakika 3 haraka, dakika 3 polepole, mara 5, siku 4 au zaidi kwa wiki. Miguu yao ilipata nguvu na shinikizo la damu likashuka. Sisi tuna milima ya Kibosho, Uru na Marangu. Panda kwa kasi mpaka maneno yakatike, kisha tembea taratibu ukisali kumi moja la Rozari, ambalo huchukua karibu dakika hizohizo. Vipindi vitano, makumi matano.

Nani asianze mwenyewe?

Mama mjamzito au anayenyonyesha, mwenye vidonda vya tumbo, anayetumia insulini au vidonge vya kisukari, mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu: hawa waonane kwanza na daktari. Kufunga juu ya dawa za kisukari kunaweza kushusha sukari hadi mtu apoteze fahamu. Maumivu ya kifua au kizunguzungu njiani ni amri ya kusimama na kutafuta msaada.

Wala asiwepo wa kuacha dawa kwa ajili ya Komunyo. Kanuni 919 inadai saa moja bila chakula, lakini maji na dawa haivizuii. Mgonjwa anayekunywa dawa yake kwa uaminifu hajavunja mfungo wowote. Kanisa halimdai afya yake. Linamdai moyo wake.