Makalio yanauma ukitembea? Huenda si mgongo

Leo nazungumza na akina baba zaidi, ila akina mama msome pia, maana ninyi ndio mnaowasukuma waende hospitali.

Mshipa mkuu wa damu unaotoka kwenye moyo hushuka mbele ya uti wa mgongo. Karibu na usawa wa kitovu unagawanyika, kulia na kushoto. Baada ya sentimita chache kila tawi linagawanyika tena: la nje linakwenda mguuni, la ndani linaingia kwenye nyonga. Hili la ndani ndilo linalolisha misuli ya makalio, kibofu, mfuko wa uzazi kwa mwanamke na, tusioneane haya, uume kwa mwanamume.

Sigara, kisukari, presha na kolesteroli huifanya mishipa hii izibe kidogo kidogo. Ukikaa huhisi kitu. Ukitembea, makalio au mapaja yanakaza na kuuma. Ukisimama tu dakika chache, yanaacha. Mwenye mishipa ya fahamu iliyobanwa mgongoni kwa kawaida hapati nafuu mpaka akae au ainame. Mwaka 1940 daktari mpasuaji Mfaransa, René Leriche, alieleza wagonjwa wa namna hii: maumivu hayo, mapigo ya damu hayasikiki kinenani, na nguvu za kiume zimepungua.

Hilo la mwisho ndilo linalofichwa. Nimewahi kumwona mzee aliyekuja na binti yake amtafsirie. Alisema "mgongo" basi. Angesema nini kingine mbele ya mwanawe? Hapa Uingereza omba mkalimani wa NHS, ni bure, na ukipenda omba daktari mwanamume.

Tafadhali usikimbilie vidonge vya nguvu vya kwenye intaneti. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo tatizo huweza kuonekana huko miaka kadhaa kabla ya moyo kulalamika. Na kama unatumia dawa za nitrati za maumivu ya kifua, Viagra inaweza kushusha presha mpaka ukapoteza maisha.

Daktari atakupapasa mapigo kinenani na kulinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono. Akishakupima, kutembea mpaka yaume, kupumzika, kisha kutembea tena ni sehemu ya tiba. Sigara iachwe kabisa.

Mguu ukipata ganzi na maumivu makali ghafla, uguse. Kwa ngozi zetu nyeusi usitafute weupe, tafuta ubaridi. Ukiwa wa baridi kuliko mwenzake, piga 999 hapo hapo.