Bei, Waranti na Vifaa: Jinsi ya Kupatana Unaponunua Pikipiki Mpya ya Dilivari

Wafanyabiashara wenzangu, leo tuongee kuhusu ile siku ambayo wewe ndiye mteja.

Sisi tunaouza mtandaoni kila siku tunaandikiwa "bei ya mwisho ngapi?" Tumeshazoea. Tunajua wapi pa kulegeza na wapi pa kukaza. Lakini ukifika wakati wa kununua pikipiki mpya ya kupeleka mizigo, mtu yule yule anayekaza bei ya sufuria anaingia dukani, anauliza bei mara moja, anapunguziwa elfu 30, anafurahi, anahesabu mamilioni. Akitoka hapo hajui waranti inagusa nini, keria hana, na kadi ataambiwa "njoo wiki ijayo".

Kwa wengi wetu hiyo pikipiki ndiyo manunuzi makubwa kuliko yote tuliyowahi kufanya. Ikisimama, oda zinasimama. Kwa hiyo leo nataka ushike kitu kimoja tu: unaponunua pikipiki unapatana vitu vitatu, sio kimoja. Kuna bei, kuna waranti, na kuna vifaa. Kwenye bei muuzaji hana nafasi kubwa. Kwenye hivyo viwili vingine anayo.

Kwa nini iwe hivyo? Angalia biashara yako mwenyewe. Mteja wa Buhongwa anataka umpunguzie elfu 5 kwenye seti ya vyombo. Unamwambia, "Bei haishuki dada yangu, ila nitakuletea bure." Umefanya hivyo kwa sababu kumletea kunakugharimu kidogo, na yeye anakuona umemjali. Duka la pikipiki linafikiri hivyo hivyo. Helmeti wananunua kwa bei ya jumla. Fundi wao yuko pale kutwa, analipwa hata kama hana kazi. Akikupa helmeti ya pili na servisi moja ya bure, yeye hakuumia sana, lakini wewe ungevinunua mtaani kwa bei kamili.

Sasa twende hatua kwa hatua.

1. Uliza bei ya barabarani, sio bei ya dukani

Kabla hujatoka nyumbani, piga simu maduka matatu, uliza modeli ile ile. Usiulize "shilingi ngapi?" ukaishia hapo. Uliza hivi: "Mpaka naiwasha naondoka nayo ina namba na bima, jumla inakuwa shilingi ngapi?"

Kuna duka linakutajia bei ya chini, halafu usajili wa TRA na bima vinakuja juu yake. Lingine linataja bei kubwa, kumbe kila kitu kimo ndani. Ukilinganisha bila kujua hilo, utakimbilia la kwanza ukidhani ni la bei nafuu. Bima angalau ile ndogo, inayolipa hasara ya mtu mwingine, ni lazima kisheria, kwa hiyo hiyo hela utaitoa tu.

Andika zile jumla tatu kwenye simu. Hiyo ndiyo silaha yako. Muuzaji akisikia unataja jumla ya duka lingine bila kubabaika, anajua hazungumzi na mgeni.

2. Hakikisha ni mpya kweli

Pikipiki inaweza kuwa haijawahi kuendeshwa na mtu na bado ikawa imekaa stoo muda mrefu. Angalia tairi pembeni, utaona tarakimu nne za mwisho kwenye kile kidude cha duara refu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 1423, tairi ilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2023. Angalia kutu kwenye cheni na bomba la moshi. Angalia kilomita. Washa taa, honi, indiketa na stata, uone betri ina nguvu.

Halafu linganisha namba ya chasisi na namba ya injini na zile za kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Hii sio ya kuruka. Zikitofautiana hata moja, usilipe.

Ukikuta imekaa muda, sio lazima uikatae. Hapo ndipo pa kupatana. Sema kwa upole: "Hii imekaa, betri na tairi zimezeeka kabla sijaanza kazi. Nipunguzie, au unibadilishie betri." Sababu inayoonekana kwa macho ina nguvu kuliko kulalamika kwamba hela hazitoshi.

3. Bei: ongea ukiwa na muda

Usiende siku unayohitaji pikipiki jioni. Mwenye haraka habembelezwi. Mimi naona kipindi wakulima wa pamba na mpunga wameuza mazao, maduka ya pikipiki huku kwetu yanajaa, na muuzaji hana sababu ya kukulegezea. Siku zilizopoa atakusikiliza.

Njia nyingine ni kwenda wengi. Kama mko watatu mnauza mtandaoni, hapa Nyegezi, Mkolani na Butimba, na wote mnataka pikipiki, nendeni pamoja. Pikipiki tatu kwa mkupuo ni mazungumzo tofauti kabisa na pikipiki moja. Na kama mmejiunga kwenye kikundi, kumbukeni mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Ulizeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kabla hamjakimbilia mkopo wa mtaani.

Ukichukua kwa mkopo, usipatane marejesho ya wiki. Patana jumla. Tuchukue mfano wa kupiga hesabu tu: bei ya taslimu milioni 3. Mkopo wanakwambia tanguliza 600,000, halafu 75,000 kila wiki kwa wiki 52. Elfu 75 inasikika nyepesi, si ndiyo? Zidisha. 75,000 mara 52 ni 3,900,000. Ongeza 600,000 ya mwanzo, unapata 4,500,000. Yaani umelipa pikipiki moja na nusu. Inawezekana bado inakulipa kulingana na oda zako, ila uamue ukiwa unaijua hiyo namba. Uliza pia kadi itakuwa kwa jina la nani mpaka umalize, na ukichelewa wiki moja nini kinatokea.

4. Waranti: neno "mwaka mmoja" halitoshi

Hapa ndipo wengi tunapoumizwa. Kuna dada mmoja ninayemfahamu, anauza sato na sangara kwa oda. Alinunua pikipiki mpya, akaambiwa ina waranti ya mwaka. Mwezi wa tatu injini ikaanza kelele. Kurudi dukani, akaulizwa kitabu cha servisi. Kitabu hakina mhuri hata mmoja, kwa sababu kijana wake alikuwa anamwaga oili kwa fundi wa jirani. Wakamwambia waranti imekufa. Hakuna aliyekuwa amemweleza hilo siku ya kununua. Pikipiki ilikaa gereji siku tisa, na samaki hawasubiri siku tisa. Wateja wake wawili wa hoteli walihamia kwa mwingine.

Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza maswali haya matano, na majibu yaandikwe:

- Waranti ni ya muda gani na kilomita ngapi? Mara nyingi kinachotangulia ndicho kinachohesabiwa. Pikipiki ya dilivari inakula kilomita haraka, kwa hiyo mwaka wako unaweza kuisha mapema.
- Inagusa nini? Kwa kawaida ni injini na hitilafu za kiwandani. Vitu vinavyolika kama breki, cheni, balbu na klachi havimo. Betri na tairi uliza kipekee.
- Nikiitumia kibiashara inabaki hai? Sema wazi kwamba ni ya kazi. Usifiche ukaja kukutwa mbele.
- Servisi nifanye wapi, kila baada ya kilomita ngapi? Ya kwanza huwa mapema sana, mara nyingi kabla ya kilomita 1,000. Ukiikosa hiyo, umeshawapa sababu ya kukukatalia.
- Ikiharibika, inatengenezwa hapa Mwanza au spea inasubiriwa kutoka Dar es Salaam?

Hilo la mwisho watu hawaliulizi. Waranti nzuri ambayo fundi wake yuko mbali ni karatasi tu. Mimi ningechukua waranti ya miezi sita yenye gereji Mwanza mjini kuliko ya mwaka mzima ambayo kila spea inakuja kwa basi.

Na hapa kuna nafasi ya kupatana. Kurefusha waranti ya kiwanda muuzaji hawezi, sio yake. Anachoweza ni kukupa servisi za bure zaidi, au kukubali kwamba pikipiki yako ikiingia gereji kwa kosa la kiwandani itashughulikiwa ndani ya siku kadhaa. Omba anachoweza kutoa.

5. Vifaa: omba vya kazi, sio vya urembo

Muuzaji atapenda kukupa stika, kava la siti na kiholda cha funguo. Vipokee, ila visihesabiwe kwenye mapatano.

Vya kwako ni hivi: keria imara ya nyuma, bampa za kulinda injini pikipiki ikianguka, helmeti mbili, saitimira zote mbili, na vifaa vidogo vya kufungulia nati. Kama unauza vitu vinavyovunjika kama mimi ninayeuza vyombo, ongeza boksi la nyuma lisiloingiza maji. Anayepandisha mizigo Isamilo au Mabatini kwenye yale mawe anajua kwa nini nataja keria kwanza. Keria dhaifu inapasuka kwenye weldi, na oda ya mteja inalala barabarani.

Uliza kila kimoja bei yake ukinunua mtaani. Ukiwa na hizo bei, utajua kama "nakupunguzia elfu 50" ni bora kuliko "nakupa keria, bampa na helmeti ya pili". Mara nyingi vifaa vinashinda.

Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Bosi, bei yako nimeielewa, na sitaki kukubana sana hapo. Nataka tuangalie vingine."
"Sema, bosi wangu."
"Nalipa jumla leo. Niwekee keria, bampa, helmeti ya pili, na servisi mbili za bure juu ya zile za kitabu."
"Mh, hizo nyingi. Helmeti nakupa, keria nakupa. Bampa ununue."
"Basi bampa nichangie nusu, servisi moja badala ya mbili, tuandikiane."

Umeona? Hukugombana. Ulianza juu kidogo, ukashuka kwa hatua, na kila uliposhuka ulipata kitu. Ukinyamaza kidogo baada ya kutaja hitaji lako pia inasaidia. Sisi wauzaji tunajua, mteja akikaa kimya mkono unaanza kutuwasha tuongeze ofa.

6. Kisichoandikwa hakipo

Mkishakubaliana, kila kitu kiingie kwenye karatasi kabla hela haijatoka: bei ya jumla, namba ya chasisi na injini, vifaa kimoja kimoja, servisi za bure ngapi, na tarehe ya kupata kadi. Muuzaji asaini na agonge mhuri. Piga picha.

Dai risiti ya EFD yenye kiasi kile kile ulicholipa. Sio ya pungufu. Ukikubali risiti ya milioni 2 wakati umelipa 3, siku ya madai thamani yako ni milioni 2. Kudai risiti ni wajibu wako kisheria pia, sio ombi. Lipa kwenye akaunti ya duka, sio namba ya simu ya kijana wa mauzo. Stika ya bima ihakiki kwenye mfumo wa TIRA hapo hapo. Kadi ya usajili iwe na jina lako, limeandikwa sawa.

Ukiwa na karatasi hizo, una pa kusimama. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka bidhaa ilingane na maelezo uliyopewa, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja. Malalamiko ya walaji yanapelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Ila ukweli ni kwamba ukiwa na mhuri wao mkononi, mara nyingi mambo yanaishia pale pale kaunta.

Hifadhi posti hii. Ukiingia dukani isome kwanza ukiwa nje, ndipo uulize bei. Na ukishaipata pikipiki, tarehe ya servisi ya kwanza iandike kwenye simu siku hiyo hiyo, kabla oda hazijakusahaulisha.