Fahamu: Kwa nini tovuti hujengwa vipande viwili

Tuseme kijana wa Tabora anajenga tovuti ya makala za njia ya misafara: Ujiji, Bagamoyo, tembe la Kwihara alikokaa Livingstone mwaka 1872. Siku hizi wengi huigawa kazi hiyo. Sehemu ya mbele ndiyo anayoiona msomaji kwenye kivinjari; ya nyuma iko kwenye seva, pamoja na hifadhidata.

Msomaji akigusa “Kwihara”, sehemu ya mbele hutuma ombi. Seva hurudisha JSON, maandishi makavu yenye kichwa, tarehe na matini. Mapambo hupangwa kwenye simu yenyewe. Kesho ukitaka programu ya simu, seva ni ile ile.

Wengi huteleza kwenye ruhusa. Ukificha tu kitufe cha “Futa” upande wa mbele, hujazuia kitu, maana msimbo ule anausoma yeyote. Ukaguzi ufanyike kwenye seva, na nywila ihifadhiwe kama heshi, yaani alama isiyoweza kugeuzwa kuwa nywila tena.

Kwa makala tupu na simu za bei nafuu, mimi ningeiachia seva itume ukurasa ulioiva badala ya JSON. Na ukikusanya barua pepe za wasomaji, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuhusu.