Jinsi fundi anavyoweza kubadilisha 'akili' ya mashine

MASHINE ya kuchonga chuma inayoongozwa na kompyuta inapotetemeka kila ifikapo kwenye kona, fundi huwa mwepesi kulaumu kifaa cha kukatia au chuma chenyewe. Hata hivyo, kiini cha tatizo huweza kuwa ndani ya programu, katika sehemu inayopanga mwendo.

Sehemu hiyo hupokea amri kwamba kifaa kitoke hapa kifike pale, kisha hukokotoa ni lini kasi iongezwe na ni lini ipunguzwe. Kazi yake ni kama ya dereva wa basi. Akiiona kona mapema, hupunguza mwendo taratibu. Akichelewa, abiria hurushwa vitini.

Katika mifumo mingi ya kibiashara, mtengenezaji huifungia sehemu hii na mnunuzi hana ruhusa ya kuigusa. Sivyo ilivyo kwa LinuxCNC, programu huria iliyochipuka kutokana na mradi wa NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya serikali ya Marekani, katika miaka ya 1990.

Toleo lake la 2.7, la mwaka 2015, liliboresha upitaji wa kona kwa kuunganisha mistari kwa matao madogo. Hata hivyo, mashine hazifanani. Nyingine ni nzito, nyingine nyepesi, na kuna zinazohitaji kasi ianze na kukoma kwa ulaini zaidi.

Awali, aliyetaka kubadilisha hesabu hizo alilazimika kuupasua moyo wa programu nzima. Siku hizi kazi hiyo imetengwa katika moduli inayoweza kubadilishwa. Fundi huandika yake akianzia kwenye kielelezo kiitwacho tpcomp, huigeuza kuwa lugha ya kompyuta kwa kutumia halcompile, kisha hutaja jina lake katika faili ya mipangilio, kwenye kipengele cha TPMOD. Akiliondoa jina hilo, moduli ya kawaida hurejea kazini.

Moduli mpya sharti iitikie amri zote za ile ya awali: kuongeza mstari au tao, kusimama kwa muda, kuendelea na kukatiza kazi. Isitoshe, kwa kawaida huitwa mara 1,000 kila sekunde, na hesabu zake lazima zikamilike kabla ya mwito unaofuata.

Hapo ndipo penye hatari. Kosa dogo la hesabu laweza kuvunja kifaa au kumjeruhi mtu. Kwa hivyo, moduli hujaribiwa kwanza kwenye kompyuta pasipo mashine, kisha kwenye mashine isiyo na chuma, kwa kasi ndogo. Nacho kitufe cha kuzima kwa dharura sharti kikate umeme wa mota moja kwa moja, bila kungojea uamuzi wa programu ambayo huenda ndiyo iliyokosea.